Mishono ya Ngozi

Ukiotesha seli za ngozi ya binadamu katika majimaji yenye kalsiamu kidogo sana, kila seli hukaa kivyake, kama wali uliochambuka. Ongeza kalsiamu, uzirudishe kwenye joto la nyuzi 37, uende ukalale. Kesho yake utakuta zimebanana kiasi kwamba mpaka kati ya moja na nyingine umebaki mstari mwembamba tu. Hakuna aliyemwaga gundi.

Kinacholeta tofauti hiyo ni ukoo wa protini ziitwazo kadherini. Masatoshi Takeichi na wenzake wa Japani walizipa jina hilo mwaka 1984, baada ya miaka ya kuchunguza kwa nini seli hushikana penye kalsiamu. Kadherini hupenya utando wa seli: mkia uko ndani, kichwa kiko nje, na kichwa hicho hushikana na kichwa kinachotoka kwa seli jirani. Kalsiamu huikaza protini hiyo isimame wima. Bila kalsiamu hulegea, na mshiko huachia.

Nasoma shahada ya uzamili Ujerumani, na tasnifu yangu inahusu nguvu ya mishiko hiyo: tabaka la seli linahimili kiasi gani kabla ya kukatika, na linakatikia wapi. Hilo swali la pili nililijua kabla sijajua jina la protini yoyote, kwa sababu shangazi yangu wa Pangani ni msukaji wa mikeka. Husuka milala kuwa ukili mrefu, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka mkeka upatikane. Mkeka wa namna hiyo ukichakaa, mara nyingi utakuta ukili wenyewe bado mzima. Kilichoachia ni mshono.

Finya ngozi ya mgongo wa mkono wako, uivute. Ndani ya seli zake kuna nyuzi za keratini, na nyuzi hizo zimefungwa kwenye vifundo viitwavyo desmosomu. Katika vifundo hivyo, jamaa wa kadherini, mmoja wao dezmogleini, huunganisha seli na jirani yake. Kwa hiyo mvuto wa vidole vyako hauishii kwenye seli ulizozishika. Hupita kwenye uzi, ukaingia kifundoni, ukapokewa na uzi wa jirani, hivyo hivyo hadi ugawanywe kwa maelfu ya seli. Hakuna seli inayobeba mzigo wote peke yake.

Lakini mshono huu, tofauti na wa mkeka, uko hai. Katika viungo vya aina nyingine kati ya seli, mkia wa kadherini umeungwa na protini iitwayo alfa-katenini. Kiungo kikivutwa, alfa-katenini hukunjuka na kufichua mahali ambapo protini nyingine, vinkulini, huja kujishikiza na kukiongezea nguvu. Yaani kiungo huimarika kwa sababu kimevutwa. Na seli zinajua pia kuachia. Kidonda kinapopona, seli za ukingoni hulegeza mishono yake, hutambaa kuziba pengo, kisha hushikana upya. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya amfibia, wakazichanganya, nazo zikajipanga tena zenyewe, za ngozi nje na nyingine ndani. Baadaye Malcolm Steinberg alieleza kwamba tishu kama hizo hujitenga kama mafuta na maji, kwa kadiri seli zinavyoshikana. Tishu isiyoachia kamwe isingepona. Isiyoshika ingemwagika.

Shangazi alianza na vidonda vya mdomoni. Aliacha pilipili, kisha chai ya moto, mwishowe akawa anameza uji uliopoa tu. Miezi ikapita, malengelenge yakatokea kifuani na mgongoni, laini, yakipasuka kwa kuguswa na kanga. Alihangaika huku na huko kabla ya daktari mmoja wa ngozi kukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Jibu lilikuwa pemfigasi: ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya dezmogleini za mwenyewe. Mwaka 1991 Masayuki Amagai na wenzake walionyesha kuwa kinacholengwa na kingamwili hizo ni mmoja wa ukoo wa kadherini. Chini ya hadubini, seli za tabaka la chini hubaki zimesimama, zimeshika sakafu yake lakini hazishikani tena na wenzake. Madaktari wamezifananisha na mawe ya makaburi yaliyopangwa mstari.

Shikamoo, wanasema wajuzi wa lugha, asili yake ni “nashika miguu yako”. Kwetu, mdogo huubusu mkono wa mkubwa. Baada ya malengelenge, watu wakawa wanampa shangazi shikamoo kutoka mlangoni. Wengine walisema ni jini, wengine ni ugonjwa wa kuambukiza. Mikeka yake ikakosa wanunuzi: nani alalie kitu kilichosukwa na mikono ile? Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kumshika, akimpaka mafuta jioni bila kuuliza mtu ruhusa.

Kabla ya dawa za kotikosteroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi wenye ugonjwa huu walikufa, kwa kuwa ngozi iliyofunguka hupoteza maji na kuruhusu vijidudu kuingia. Shangazi anameza prednisoloni. Uso umejaa, sukari imepanda, lakini malengelenge yamekauka. Kilichobaki ni mlangoni pale.

Maabara kipimo chetu ni rahisi kukieleza. Tunaotesha seli mpaka zifunike chini ya sahani, tunaweka kingamwili za pemfigasi, kisha tunaweka kimeng'enya kinachokata mshiko wa seli na sahani bila kukata ule wa seli kwa seli. Tabaka zima linaelea, jembamba kama utando wa maziwa. Tunalitikisa na kuhesabu vipande. Lisilowekewa kingamwili hubaki zima au karibu na hapo. Lililowekewa huchanika vipande vingi, ingawa seli zake zinaweza kuwa hai bado. Wenzangu huandika namba na kwenda kula. Mimi huchelewa kidogo kuiosha sahani ile.

Mwezi uliopita nilimweleza shangazi haya yote kwa simu, kwa lugha ya mikeka.

“Kwa hiyo ukili mzima,” alisema, “ila uzi umeliwa.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Na aliyeula ni mimi mwenyewe.”

Hili sikuwa nimelijiandalia. Nilimwambia ni askari wake, kwamba wamemdhania mshonaji kuwa ndiye mwizi, na kwamba hakuna aliyewatuma. Alikaa kimya, nikasikia milala ikikwaruzana. Alikuwa akisuka muda wote tulipozungumza.

“Hao askari,” akauliza, “wanaweza kumrukia mtu akinishika mkono?”

“Hapana, shangazi. Ni wako peke yako.”

“Hata akiubusu?”

“Hata akiubusu.”

“Basi, mwanangu, sema hilo tu. Lirekodi, unitumie niwasikilizishe. Hayo ya kalsiamu yaache, watasinzia.”

Nilirekodi mara nne. Ujumbe niliomtumia una sekunde 11.