Chombo Kipitacho Juu ya Mawimbi

Ukisimama kwenye mteremko wa kilima cha Wazo asubuhi na mapema, kabla malori ya saruji hayajaanza kunguruma, waiona bahari yote mbele yako. Karibu ni mapaa ya Tegeta na minazi ya Kunduchi. Mbele yake visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo. Na nyuma ya hivyo, mstari wa maji tu, ambako Unguja imejificha. Kilima chenyewe zamani za kale kilikuwa chini ya maji. Mawe yake ya chokaa ni matumbawe, na kiwanda kilichoanza kutoa saruji hapa mwaka 1966 kinayachimba, kinayachoma na kuyasaga, na ndiyo tunayojengea nyumba zetu.

Nimeanza na bahari kwa sababu ya bibi mmoja wa parokia yetu. Alikuja ofisini siku ya Jumanne, nami nilikuwa nikinakili vyeti vya ubatizo. Alinisalimu, “Tumsifu Yesu Kristo,” akaketi, akavua kandambili zake, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema:

“Mwalimu, nasikia redioni kuna chombo kisichozama. Hakipiti majini, hupita juu ya mawimbi. Kitakuja lini?”

Yampasa msomaji ajue kwa nini aliuliza. Mumewe alikuwa mvuvi wa Kunduchi. Alitoka na ngalawa usiku wa kusi, miaka mingi iliyopita, na haikurudi. Tangu siku hiyo yule bibi hajapanda chombo chochote cha majini, hata kwenda Mbudya. Sasa mjukuu wake aliyemlea mwenyewe anafunga ndoa Unguja, katika kanisa la Minara Miwili, lile lililojengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19. Ndoa ni mwezi wa Julai. Nauli ya ndege hana, wala hataki kuombaomba. Basi amebakiwa na meli, au hicho chombo cha redioni.

Nikamwambia, “Bibi, nipe siku chache niulize.” Nami niliuliza kweli, na niliyoyapata nayaandika hapa, maana si yeye peke yake anayetaka kuyajua.

Kwanza, jambo lenyewe si uchawi wala si jipya. Shuka Kunduchi jioni, pale wavuvi wanapoanika nyavu, umtazame mnandi akirudi kulala. Hapai juu. Huruka chini kabisa, tumbo lake karibu liguse maji, naye hupiga mbawa kidogo, kisha huteleza mwendo mrefu bila kuzipiga. Wavuvi husema anapumzika huku anakwenda, na wamesema sawasawa.

Sababu ni hii. Bawa la ndege, liwe la manyoya au la bati, hubebwa na hewa inayosukumwa chini. Lakini kwenye ncha za bawa hewa ile hutoroka, ikazunguka kama maji yanayoingia katika shimo la bomba, na mzunguko huo huivuta ndege nyuma. Ndege ikishuka karibu sana na maji au na ardhi, mzunguko hukosa nafasi ya kujikunja, na hewa iliyo chini ya bawa hubanwa ikawa kama mto wa kulalia. Kazi ya kuvuta hupungua. Wataalamu wamepima: bawa likiwa juu ya maji kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wa mabawa yote, mvuto ule wa nyuma unaotokana na mzunguko hupungua karibu nusu. Mbali zaidi faida hupungua upesi, na ukipita kimo kilicho sawa na upana wa mabawa yenyewe, imekwisha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulionyeshwa jambo hili kwa karatasi. Chukua karatasi moja ya daftari, ishike sambamba na sakafu laini ya saruji, kisha iachie kutoka kimo kidogo. Mara nyingi haitatua pale pale, itateleza kwanza kama kitu kilichopakwa mafuta. Wajaribu watoto nyumbani, ila wasitumie karatasi za hesabu za parokia, kama alivyofanya mwanangu.

Marubani wanalijua sana. Abiria anayetua uwanja wa Dar es Salaam huweza kuhisi, dakika ile ya mwisho, kana kwamba ndege haitaki kugusa chini. Na mwaka 1931 Wajerumani walipoivusha bahari ya Atlantiki eropleni yao kubwa ya majini iitwayo Dornier Do X, yenye injini 12, ilikuwa nzito mno, nao wakaipitisha chini sana juu ya mawimbi ili mto ule wa hewa uibebe.

Hapa kwetu pia eropleni za majini si ngeni, ingawa wazee wengi waliozishuhudia wamekwisha kulala. Tangu mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Waingereza ilikuwa ikileta barua na abiria kutoka Southampton hadi Durban kwa mashua ziendazo angani. Zilifuata mto Naili, zikatua Kisumu ziwani, kisha Mombasa, kisha katika bandari ya Dar es Salaam, kisha Lindi, zikaendelea Msumbiji. Ndiyo, Lindi! Mji ambao watu wa Wazo siku hizi huuona kuwa mbali ulikuwa na kituo cha eropleni za Ulaya. Kila moja ilikuwa na injini nne na mabawa ya upana wa futi 114.

Ila mashua hizo zilipaa juu kama ndege nyingine, na maji waliyahitaji kwa kuondokea na kutua tu. Moja yao, Corsair, ilipotea njia mwezi wa Machi 1939, ikatua katika mto wa Dungu karibu na Faradje, Kongo, ikapasuka. Kuitoa kulichukua miezi kumi. Jaribio la kwanza lilishindwa, ndipo wakajenga boma la kuzuia mto ili kina kiongezeke, na mwezi wa Januari 1940 ikaruka. Mtu akiniambia chombo cha majini na angani hakina mashaka, namkumbusha Faradje.

Aliyetaka kuifanya hewa ile ya chini kuwa njia yenyewe, si msaada wa kutulia, alikuwa Mrusi Rostislav Alexeyev. Alizaliwa mwaka 1916, akawa fundi mkuu wa meli zenye mabawa chini ya maji, zile zinazoinuka zikikimbia. Kisha akafikiri: kwa nini bawa libaki majini, na hewa ipo? Mwaka 1966 kikatoka chombo chake kikubwa, urefu mita 92, uzito wa kuondokea tani 544, injini kumi za kusukuma kwa moto. Kilijaribiwa bahari ya Kaspi kwa siri. Wamarekani wakakiona katika picha zilizopigwa kutoka angani, wasijue ni meli au ni ndege, wakakiita Zimwi la Kaspi. Mwaka 1980 kilianguka kikazama, na mwaka huo huo Alexeyev mwenyewe akafariki. Chombo kingine cha ukoo huo, Lun, kilikokotwa mwaka 2020 hadi ufukwe wa Derbent, kionwe na watu.

Na kile cha redioni? Nadhani bibi alisikia habari za Marekani. Kuna kampuni huko Rhode Island iitwayo Regent, ambayo mwaka 2025 ilianza kukijaribu chombo chake majini watu wakiwa ndani. Kimekusudiwa abiria 12, kikienda kwa umeme wa betri. Wenyewe wanadai kitakwenda kilomita 290 kwa saa, na safari ya kilomita 300 bila kujaza tena. Singapore nako wanacho cha abiria 8, kiitwacho AirFish. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama kilomita 75. Piga hesabu, utaona ni robo saa, na hakihitaji uwanja wa ndege, gati latosha.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikataka kwenda mbio nyumbani kwa bibi. Kisha nikakumbuka ile sehemu moja ya kumi.

Chombo chenye mabawa ya upana wa mita 20 hupata faida kubwa kikiwa mita 2 juu ya maji. Je, mkondo wa Unguja mwezi wa Julai ukoje? Aliyewahi kuvuka wakati wa kusi hahitaji kuambiwa. Mawimbi ya mita 2 huja bila kubisha hodi, na mengine hupita hapo. Chombo hakina budi kiinuke juu zaidi, na kila kikiinuka kinaupoteza ule mto. Tena kuondoka majini penye mawimbi ni kazi ngumu kuliko kuruka kwenyewe. Ndiyo maana Alexeyev alijenga zimwi. Chombo kidogo chataka maji matulivu, na kubwa ndilo liwezalo kuyadharau mawimbi kidogo. Kwa hiyo wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika na bahari imelala, chombo cha watu 12 kingevuka vizuri sana. Lakini wakati wa maleleji hata mtumbwi huvuka. Siku za kusi, zile tunazoziogopa, ndizo siku ambazo huenda kingefungwa gatini.

Sisemi haya kwa kubeza. Tunajua bahari hii ilivyotutenda. Tarehe 18 Julai 2012 meli Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, watu zaidi ya mia moja wakapotea, na kabla ya hapo, Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji ya ndani ya ghuba. Chombo kinachofaa mahali pamoja si lazima kifae pengine, na hilo lapasa kuulizwa juu ya kila kipya kitakacholetwa.

Niliwauliza pia wavuvi wa Kunduchi. Nahodha mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Karani, kitu hicho kinapita mita ngapi?” Nikamjibu. Akanyosha mkono kwenye mlingoti wa ngalawa yake, ambao ni zaidi ya mita hizo, akasema, “Na sisi tupite wapi?” Sikuwa na jibu. Kitu kiendacho kasi hivyo hakiwezi kukata kona ghafula, kwa maana kikijilaza upande kama ndege, ncha ya bawa itachota maji. Yakihitajika mapinduzi ya njia, lazima yawe mapana, au kipande juu. Na ngalawa zetu usiku nyingi hazina taa.

Jambo jingine lilinichekesha kwa kuwa mimi ni mtu wa karatasi. Je, ni meli au ni ndege? Nani atakiandikisha? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari lilitoa mwongozo mwaka 2002: kile kisichoweza kuuacha mto wa hewa kihesabiwe chombo cha baharini, kile kiwezacho kuruka kidogo, kisizidi mita 150, kisha kikarudi, kiwe aina ya pili, na kile kiwezacho kwenda juu zaidi kiwe pia chini ya sheria za ndege. Naona mbele yetu foleni ya fomu upande wa Bara, na foleni nyingine upande wa Unguja.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta akichambua mchele uani. Nilimweleza yote, pole pole, hata habari za mnandi, ambaye alimjua kuliko mimi. Nikamwambia wazi kwamba chombo kile hakitafika kabla ya Julai, na kwamba kingefika, huenda siku hiyo kisingetoka.

Hakusikitika kama nilivyoogopa. Alipepeta mchele wake akaendelea kupepeta. Kisha akauliza:

“Hiyo meli yenyewe, upepo wa kusi unaanza kupanda saa ngapi?”

Nikasema kwamba mara nyingi asubuhi bahari huwa afadhali, na mchana ndipo hukasirika. Hilo nililiambiwa na nahodha.

“Utakuwamo?”

“Nitakuwamo, Bibi. Kwaya yote itakuwamo.”

“Nikae katikati, nisiyaone maji?”

“Katikati, chini, karibu na mlango.”

Akaweka ungo chini, akafungua pindo la khanga yake, akahesabu noti moja moja, akanipa.

“Basi niandikie ile ya asubuhi,” akasema.

Nimemwandikia. Jina lake ni la tatu katika orodha, chini ya mwenyekiti wa kwaya na mkewe.