Kura ya Ami Yetu

Wasomaji wetu watuwie radhi, kwani habari tutakayoisimulia ni ya nyumba yetu wenyewe, na mambo ya nyumba aghalabu hufunikwa. Kabla ya kushika kalamu tumewaomba ruhusa wenyewe, nao wakatupa kwa sharti la kutotaja majina. Ruhusa hiyo tuliihitaji zaidi kuliko mwandishi mwingine yeyote, kama itakavyoonekana mbele.

Mwaka 2016 tulikuwa tukikaa Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, nyumbani kwa ami yetu. Ami ni mzaliwa wa Mombasa. Ujanani alifanya kazi bandarini Kilindini, kisha mwaka 1969 akasafiri kwenda Uingereza, akatumika viwandani hata alipostaafu. Mkewe ni mtu wa Tanga. Mwenyezi Mungu amewajaalia watoto wawili, binti na mvulana, wote wazaliwa wa Leicester. Binti ameolewa na mtu wa Barawa, ambaye vita vya Somalia vilimtupa Uholanzi angali kijana. Huko alipata uraia, na mwaka 2003 akahamia Leicester kama walivyofanya Wasomali wengi wa Uholanzi wakati ule. Hakuhitaji viza wala barua ya mtu, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwamo katika Umoja wa Ulaya, na raia wa nchi moja alikuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi katika nyingine.

Basi mwaka huo watu wa Uingereza waliulizwa swali moja tu: nchi yao ibaki katika Umoja huo, au itoke? Siku ya kura ilikuwa Alhamisi, 23 Juni, nayo ikaangukia katikati ya mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1437.

Sheria ya kura ile ilikuwa na ajabu yake. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola aliyekaa Uingereza kwa kibali aliruhusiwa kupiga kura, lakini raia wa nchi nyingi za Ulaya hakuruhusiwa. Sisi tuliokuwa na pasi ya Kenya, na ambao hatujatimiza hata miaka 3 katika nchi ile, tuliletewa kadi ya kura mlangoni. Mkwe wa ami, mwenye miaka 13 ya kulipa kodi na watoto watatu waliozaliwa pale pale, hakuletewa kitu. Tulipomwonyesha kadi yetu aliigeuza, akaisoma pande zote mbili, akaturudishia huku akicheka. Kicheko kile hatukukipenda.

Msikitini kila mtu alikuwa na lake. Upande wa kutoka ulikuwa umeandika ubavuni mwa basi kubwa jekundu kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba afadhali fedha hizo zitumike hospitalini. Hesabu ile haikuwa sawa, kwani haikutoa punguzo ambalo Uingereza ililipata kabla ya kulipa, wala zile fedha zilizorudi. Walakini basi lilikwisha kuonekana, na jicho halina mhasibu. Wenye mikahawa kutoka Bangladesh waliambiwa kwamba nchi ikitoka wataweza kuleta wapishi kutoka kwao kwa wepesi zaidi. Chama chao cha wapishi kikaunga mkono kutoka, na baadaye wengi wao walijuta. Wengine walihofia biashara, wengine kazi za watoto wao.

Tarehe 16 Juni lilitolewa bango lenye picha ya wakimbizi katika mstari mrefu usio na mwisho, wengi wao watu wa nchi za Kiislamu, na juu yake maneno ya kutisha. Mkwe wa ami aliliona katika simu yake, akalitazama kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe amesimama katika mistari ya namna hiyo. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo zikaja habari kwamba mbunge mmoja, Bibi Jo Cox, aliyekuwa akitetea kubaki, ameshambuliwa Birstall, na jioni tukasikia amekufa. Karibu na Leicester upo mji mdogo uitwao Birstall, na kwa muda wa saa nzima tulidhani ni kwetu, hata tulipofahamishwa kwamba ni Birstall ya Yorkshire. Twalitaja hili ili msomaji aelewe jinsi nyoyo zilivyokuwa wiki ile.

Sasa turudi kwa ami. Sisi tulikuwa tumeshika upande wa kubaki, na tulidhani hapana mtu wa nyumba ile atakayefikiri vingine. Asubuhi ya siku ya kura ami alitoka mapema. Tulipokuwa tukirejea pamoja kutoka sala ya adhuhuri akatuambia, kwa sauti ya chini, kwamba ameipigia kura nchi itoke. Tulisimama njiani.

Tulimkumbusha kwamba mwaka 1975, Waingereza walipoulizwa swali kama hilo kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alipiga kura ya kubaki, na ndivyo walivyofanya watu 67 katika kila 100.

Akasema: "Mwaka ule niliulizwa habari ya soko. Mimi niliingia sokoni, sikuingia unyumbani."

Lakini hilo halikuwa neno lenyewe. Neno lenyewe lilikuwa mwanawe. Kijana yule alikuwa amemwoa binti wa Kibokoni, Mombasa, mwaka 2015, na hakuweza kumleta. Tangu mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka sharti kwamba raia wake atakaye kumleta mke kutoka ng'ambo awe na mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka. Kijana alikuwa mfanyakazi wa ghala. Mshahara wa chini wa mwaka 2016 ulikuwa pauni 7.20 kwa saa. Fanya kazi saa 40 kila wiki, usikose hata wiki moja mwaka mzima, hufikishi pauni 15,000. Na wakati huo huo mdogo wake mkwe, naye raia wa Uholanzi akaaye Leicester, alikuwa amemwoa binti wa Kibarawa aliyelelewa huko huko Mombasa, mitaa miwili tu kutoka kwa yule wa kwanza. Huyo alipewa ruhusa chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, pasipo ada na pasipo kuulizwa mshahara, akafika.

"Mwanangu amezaliwa hapa," ami akasema. "Mimi nimevunja mgongo wangu hapa. Harusi mbili, mji mmoja. Bibi harusi mmoja yuko jikoni kwa mumewe, mwingine analia katika simu."

Tukamwambia: "Ami, sharti lile halikutungwa Brussels. Limetungwa London. Nchi ikitoka litabaki pale pale."

"Najua," akatujibu. "Mimi si mjinga. Lakini tukitoka, sote tutasimama foleni moja."

Hatukuwa na jawabu. Yafaa tukiri hapa kwamba tulipokosa jawabu tulikasirika, na mtu aliyekosa jawabu naye amefunga, jua halijatua na bado saa nane, si mtu wa kuaminiwa ulimi wake.

Magharibi ya Leicester katika siku zile huingia baada ya saa tatu na nusu usiku. Tulikaa kufuturu sote: ami na mkewe, mwanawe, binti na mumewe na watoto wao, nasi. Palikuwa na tende, uji, sambusa na mkate wa kumimina. Mkwe alikuwa akisimulia jinsi wenzake kazini walivyokuwa wakimuuliza, kwa mzaha, lini atafunga virago. Ami alikuwa kimya. Ndipo sisi, kwa ujinga wetu, tukasema: "Usiwaulize wa kazini. Muulize baba mkweo, leo amekupigia kura uondoke."

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba vikao ni amana. Ami alitupa neno lake njiani, watu wawili tu, nasi tukalimwaga mezani mbele ya mtu ambaye hakustahili kulisikia kwa kinywa chetu. Na wala hatukulimwaga kama tulivyopewa. Ami hakusema kwamba anataka mkwewe aondoke. Tuliitwaa kura yake tukaivika nia ya kwetu.

Ami aliweka kikombe chini. Mkwe alimtazama, akangoja akanushe. Ami hakukanusha, maana kura ilikuwa kweli; wala hakueleza, kwa kuwa maelezo yangeugusa unyonge wa mwanawe aliyekaa pale pale. Hata watoto waliacha kutafuna.

Aliyevunja kimya ni mke wa ami. Alikuwa hajapiga kura. Siku nzima alikuwa akisema atakwenda, hakwenda. Alikula tende ya tatu, akafuta mikono, akasema: "Saa nne wanafunga. Nani atanipeleka?" Kabla hatujainuka, mkwe alikwisha kushika funguo za gari. Alimpeleka mama mkwewe hata mlango wa shule ilipokuwa ikipigwa kura, naye akangoja nje, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ndani. Walirejea zikisalia dakika chache kufika saa nne.

Bibi yule hajasema mpaka leo alipiga upande gani. Tunalojua ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hata mwaka 1983, na dada yake wa Tanga alikosa kumzika shangazi yao Mombasa, mwendo wa siku moja kwa gari. Lakini yeye pia ndiye aliyekuwa akiongea kila usiku na mke wa mwanawe. Tukimdhania upande huu au ule tutakuwa tunarudia kosa lile lile.

Usiku ule, baada ya tarawehe, tulikaa tukisikiliza matokeo hata wakati wa daku. Saa kumi na dakika arubaini alfajiri ikatangazwa kwamba upande wa kutoka umeshinda. Hesabu kamili ilikuwa 51.9 kwa mia dhidi ya 48.1. Leicester yenyewe ilichagua kubaki, kwa kura chini ya 3,000 tu za kuzidi. Birmingham, mji mkubwa kuliko huo wenye Waislamu wengi, ikachagua kutoka kwa tofauti ndogo vile vile. Pauni ilianguka asubuhi hiyo hata ikafikia thamani ambayo haikuwahi kuonekana tangu mwaka 1985, na hawala zetu za kwenda Mombasa zikapungua nguvu. Waziri Mkuu, Bwana David Cameron, akatangaza kujiuzulu. Ami hakushangilia. Alisoma Kur'ani yake, akalala.

Mkwe hakuja kufuturu tena siku zote zilizosalia. Binti alikuja na watoto, akasema mumewe ana kazi.

Siku ya Idi tulikwenda kwa ami kumwomba msamaha. Akasema: "Kwangu yamekwisha. Kwa mkwe wangu bado, kwani umempa maneno ambayo si yangu." Akavaa kanzu yake na koti, akatuamuru tumfuate. Tulikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mkwe, na huko ami akamweleza yote: habari ya mwanawe, mabibi harusi wawili, na foleni. Alieleza akiwa amesimama, hakukubali kiti.

Mkwe akamwambia: "Baba, mimi sikuitaka kura yako. Nilitaka uniambie wewe."

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mwisho wa mwaka huo haki ya kuhamia kwa uhuru ikakoma. Raia wa Ulaya waliokwisha kuwako walitakiwa waombe hadhi ya ukaaji kabla ya 30 Juni 2021. Maombi yalifanywa kwa simu ya mkononi, iwekwe juu ya pasi hata iisome. Simu ya mkwe ilikataa. Ya ami ilikubali, na mzee yule akakaa mezani, pale pale pa futari, akiishikilia simu yake juu ya pasi ya Uholanzi ya mkwewe, mkono ukimtetemeka, akituuliza kila mara kama imekwisha kusoma. Mwanawe alikuwa amempata mkewe tangu mwaka 2018, baada ya kuongeza kazi ya usiku, akakosa usingizi karibu miaka miwili.

Foleni moja ami aliipata. Lakini foleni yenyewe haikupungua: mwezi wa Aprili 2024 lile sharti la pauni 18,600 lilipandishwa likawa pauni 29,000.

Mwaka 2025 tulikwenda kuwazuru. Mjukuu mkubwa wa ami, mtoto wa yule binti na yule Mbarawa, amekuwa kijana wa miaka 21, naye ameposa binti wa jamaa zao Rotterdam. Zamani angepanda ndege akaja. Siku hizi atahitaji viza kama yule wa Kibokoni. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani. Ami alivaa miwani yake, akauliza: "Wanataka ngapi sasa?"

"29,000, Baba," mkwe akamjibu.

Ami akamtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akamwambia alete kalamu, wahesabu pamoja saa zake za kazi.