Kijiko cha Mama Katika Shimo la Shuwa



Kila inapokaribia Sikukuu ya Mfunguo Tatu, mazungumzo ya wengi wetu tulioko huku Oman huwa ni yale yale: mbuzi wamepanda bei, ng'ombe atashirikiwa na watu wangapi, na nani atakwenda kijijini. Safari hii nami nimeona nishike kalamu. Sikusudii kufundisha mapishi, kwani wapo akina mama wanaonishinda kwa mbali. Nataka kusimulia habari ya kijiko kimoja cha chuma, ambacho nusura nikipoteze kwa uvivu wangu mwenyewe.

Familia yetu ilifika Oman mwaka 1974. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na miaka minne tangu Sultan Qaboos ashike utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warejee kuijenga nchi. Baba alirudi katika kijiji cha wazee wake, upande wa Nizwa. Yeye Kiarabu alikijua. Mama, mzaliwa wa Unguja, alijua cha sala tu. Na mimi, mtoto wa miaka tisa, sikuwa nimemzidi. Kwa baba, safari ile ilikuwa ni kurejea. Kwa mama ilikuwa ni kuhama.

Kwetu Unguja, Idi ilikuwa ni pilau. Huko kijijini tulikuta kila siku ya Idi ina chakula chake. Asubuhi ya kwanza ililiwa arsia, yaani wali na nyama vilivyopikwa na kupondwa pamoja hata vikashikana. Siku ya pili ilikuwa ya mishkaki, na angalau jina hilo mama alilijua. Siku ya tatu ndiyo iliyongojewa na wakubwa kwa wadogo, kwani ndiyo siku ya kufukua shuwa.

Kwa wale walioko nchi nyingine na hawajapata kuiona, shuwa ni nyama ya mbuzi, ng'ombe au ngamia, iliyokatwa mapande makubwa na kupakwa thomu, pilipili, giligilani, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini na karafuu, vilivyosagwa na kuchanganywa na siki. Nyama hufungwa katika majani ya mgomba, kisha hutiwa ndani ya mfuko wa ukili wa mtende. Kijiji huwa na shimo lake, refu kwenda chini na lililojengewa kwa mawe. Humo huwashwa kuni nyingi mpaka zibaki makaa mekundu. Hapo mifuko ya nyumba zote hutumbukizwa kwa pamoja, shimo likafunikwa kwa bati nene na kuzibwa kwa udongo. Wanaume huzunguka wakitazama. Popote moshi unapopenya, huongezwa udongo, kwani hewa ikiingia, makaa huwaka upya na nyama ikaungua. Hewa ikikosekana, joto la makaa na la mawe huivisha nyama taratibu, usiku na mchana, mpaka ikatengana na mfupa bila ya kisu.

Kwa kuwa mifuko yote hufanana, kila nyumba huweka alama yake. Mama aliambiwa hivyo kwa ishara, naye akaelewa. Akachana kipande cha kanga yake, akakifunga juu ya mfuko. Mfuko wenyewe aliufunga kwa kamba ya nailoni, ile ile iliyofunga mizigo yetu ya safari. Hakuna aliyeiona, kwani jioni ile palikuwa na vumbi na haraka nyingi.

Siku ya tatu nilikwenda na baba shimoni. Mifuko ikatolewa mmoja mmoja, myeusi, inafuka mvuke, na kila mtu akachukua wake. Wetu haukutoka. Kamba ilikuwa imeyeyuka, mfuko ukafunguka, na nyama yote ikamwagika katika makaa. Kipande cha kanga hakikubakisha hata jivu la kutambulika. Baba alirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa amekwisha osha sinia na kuliweka mlangoni. Alitutazama, asiulize neno, akalichukua sinia akalirudisha ndani. Mimi nilifahamu kwamba alichokuwa akikihesabu hakikuwa nyama. Alikuwa akihesabu ni miezi mingapi amekaa katika kijiji kile, na bado hajui kufunga mfuko.

Haukupita muda, akabisha hodi bibi mmoja wa jirani, mtu mzima sana. Aliingia mpaka ndani, akalichukua sinia lile lile la mama, akatoka nalo. Alipita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ikatia pande. Aliporudi, sinia lilikuwa zito hata likambidi mjukuu wake amsaidie kulibeba. Alisema maneno machache tu, naye baba akatufasiria: "Mwambie mkeo, katika shimo hili hakuna nyumba inayotoka mikono mitupu."

Mwaka uliofuata mama alifunga mfuko kwa waya, na alama yake ikawa kijiko cha chuma alichokuja nacho kutoka Unguja, kilichotobolewa mpini. Kijiko kile hakikuyeyuka wala hakikupotea. Zaidi ya miaka arobaini kiliingia shimoni na kutoka. Kijiji kizima kilikuwa kikikijua, na watoto wakishindana kukiona kwanza. Mama naye alikuwa akiwapikia majirani bokoboko, wao wakaionja na kuitambua kuwa ni harisi yao. Kiarabu chake hakikupata kunyooka hata leo, lakini nyumba zote alikuwa akiingia bila ya kubisha hodi.

Baba alipofariki, mama alihamia kwangu Maskati. Hapo ndipo lilipoanza kosa langu. Kazi zilikuwa nyingi, njia niliiona ndefu, na shuwa ilikuwa ikiuzwa tayari mjini, imefungwa vizuri. Idi tatu mfululizo nilinunua. Nyama ilikuwa laini, viungo vimekolea, wanangu wakasifu. Mama alikula kidogo. Idi ya tatu, aliigeuza nyama kwa vidole kama anayetafuta kitu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kijiko chetu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kukitafuta usiku ule ule, nikakikuta chini ya sanduku la zana, kimeshika kutu. Nilikaa nacho mkononi kwa muda mrefu. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewapa wanangu nyama, nikawanyima majirani. Nyama ya kununua haimtaki mtu akuamini, wala wewe umwamini mtu. Ya shimoni unamkabidhi mwenzio chakula cha watoto wako, na unalala.

Idi iliyopita tulikwenda sote kijijini. Mama sasa amepita miaka themanini na mikono yake inatetemeka. Hawezi tena kukaza waya. Basi aliketi kwenye mkeka akaniamuru. Nilimwomba vipimo ili niviandike, akacheka. Vipimo vyake ni kiganja na pua. Nikawa naziba kila kiganja chake kwa kijiko, nahesabu, naandika, naye akinung'unika kwamba nachelewesha kazi. Nimeona aibu kuianza kazi hii nikiwa na umri wa kuitwa babu, lakini nimeianza.

Shimo lilipofunguliwa, mjukuu wangu alipiga kelele kabla ya wenziwe wote: "Kijiko cha bibi!" Mzee mmoja aliyekuwa akitoa mifuko alikiinua juu, akauliza mwenyewe yu wapi, mbona haonekani miaka hii. Nikamwonyesha mama, aliyekuwa ameketi garini mlango wazi.

Mama alionja, akatafuna taratibu, sote tunamtazama. "Chumvi imepungua," akasema. Kisha akanyoosha mkono akachukua pande la pili, na la tatu.

Ndugu zangu, sote tumekuja huku na kitu mfano wa kijiko kile. Kama mzee wenu yu hai, kaeni naye jikoni kabla ya sikukuu hii, muulizeni na muandike, hata akinung'unika. Na kama kuna familia ngeni karibu yenu ambayo haijui kufunga mfuko, lichukueni sinia lao mlizungushe.

Nawatakia nyote sikukuu njema, na Mwenyezi Mungu atukutanishe tena mwakani.