Kupajua Mahali

Naishi Nyarutarama, na bado najiuliza mtu huanza lini kupajua mahali. Barabara za mtaa huu wa Kigali hujipinda kufuata kilima. Zina vibao vya KG na namba, na simu ikishapewa namba hunifikisha mlangoni bila kusita. Kwa muda mrefu niliona hilo linatosha. Kisha mgeni akanipigia kuniuliza njia, nami sikuwa na la kumwambia ila kumtumia alama ya ramani. Kumbe nilikuwa nikipita humo kila siku nikipelekwa kama mzigo.

Kwa sababu hiyo kazi ya mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire ilinigusa. Mwaka 2000, yeye na wenzake wa London walionyesha kwamba madereva wa teksi wa jiji hilo, ambao hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, walikuwa na hipokampasi iliyo kubwa zaidi upande wa nyuma. Ndiyo sehemu ya ubongo inayotusaidia kukumbuka mahali. Mwaka 2006 madereva wa teksi walilinganishwa na wa basi, wanaofuata njia zilizopangwa, na wa basi hawakuwa na ukubwa huo. Nikajiona niko upande wa basi, nikatamani kuizima ramani kabisa.

Lakini utafiti huohuo una jambo nililochelewa kulitafakari. Kwa wale wa teksi, upande wa mbele wa hipokampasi ulikuwa mdogo zaidi, na kukumbuka michoro mipya kuliwawia vigumu kuliko wenzao. Yaani hata kujua kuna gharama yake. Tangu hapo swali la kwamba simu inanipunguzia nini limenitoka polepole. Nauliza ni lipi ningependa kulibeba mwenyewe kichwani.

Siku hizi nikipanda pikipiki, simu naiacha mfukoni, namwuliza motari, yaani dereva wake. Yeye hataji namba. Husema tushuke kuelekea ziwani, tupite uwanja wa gofu, halafu tukate pale palipokuwa na mtaa wa Kangondo, ambao wakazi wake wa mwisho walihamishiwa Busanza mwaka 2022. Ramani hunionyesha kilichopo leo. Katika maelezo ya motari wamo pia waliokuwepo. Ningeendelea kuifuata sauti ya simu, huenda nisingejua kwamba njia ninayopita kila siku ilikuwa na majirani.

Sina hakika kama kuuliza huku kumebadilisha chochote ndani ya fuvu langu. Nikienda mbali nitaendelea kuitegemea simu, maana dunia nzima siwezi kuibeba. Ila kwa kilima ninachoishi, naanza kuona kukumbuka ni sehemu ya ujirani: anayepajua mahali huwajua na watu wake, hata walioondoka, na hao sitaki wasahauliwe kwa sababu mimi nilipewa njia ya mkato.