Nauli ya Mzee wa Tanuru



Juma hili tumepokea barua ya kumwalika mmoja wa wazee wetu wa Mbagala akazungumze mbele ya wataalamu wa chuma cha kale. Ni barua ya pili ya aina hiyo. Kabla ya kuijibu tumeona vema kukumbuka jinsi ile ya kwanza, ya mwezi Agosti mwaka 2023, ilivyotuhangaisha, kwa maana wapo waamini wanaodhani kwamba katika jambo kama hilo kazi ya paroko ni kupiga muhuri tu.

Mzee huyu, ambaye kwa ombi lake mwenyewe hatumtaji jina, alizaliwa Ufipa mwaka 1938. Anaishi kwa binti yake, si mbali na Rangi Tatu. Kwa miaka mingi tulimfahamu kama mtu wa kutia mipini kwenye majembe na kunoa visu vya majirani, tena bila kudai malipo. Hatukujua kwamba babu yake mzaa baba alikuwa fundi mkuu wa kuyeyusha chuma. Aliyeligundua hilo ni kijana mmoja mwanafunzi wa akiolojia, aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao na kuzoea kupiga soga na mzee jioni.

Kwa wasiofahamu, Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo wa kichuguu, ambayo kwa lugha yao huitwa malungu, na moja ni ilungu. Ilungu huweza kufikia kimo cha mita tatu. Halikupulizwa kwa mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa chini, kupitia matundu yaliyotiwa mirija ya udongo, ukavutwa juu na joto la mkaa. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, ndipo kikafikia mikono ya mhunzi. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipokuwa rahisi kununua kuliko kuyeyushwa. Malungu mengine yamesimama hadi leo katika nyanda za Sumbawanga na Nkasi, yakiwa yamezungukwa na mavi ya chuma. (Msicheke, wapendwa, ndilo jina lake la Kiswahili.)

Mzee wetu hakuliona ilungu likiwaka. Alilisema hilo tangu siku ya kwanza, na alitutaka tuliandike. Alichonacho ni yale aliyosimuliwa na babu, na mirija aliyofundishwa kuifinyanga akiwa mtoto.

Matayarisho yalianza na fomu. Ilimtaka mshiriki achague cheo chake: Profesa, Daktari, Bwana au Bibi. Kisha ikauliza taasisi anayotoka. Tulikaa na fomu hiyo ofisini pamoja na binti yake na yule kijana kwa muda usio mfupi. Mwishowe tuliandika jina la parokia, kwa sababu nafasi hiyo haikukubali kuachwa wazi. Fomu ilitaka pia muhtasari wa maneno 250 kwa Kiingereza. Mzee alizungumza Kifipa, binti akatafsiri kwa Kiswahili, kijana akaandika Kiingereza, nasi tukahesabu maneno. Tulipomsomea tena kwa Kiswahili alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba Paroko, hayo ni maneno mazuri, lakini mwenye nayo simjui." Tukaanza upya.

Ada ya ushiriki ilikuwa kwa dola. Tuliandika barua ya kuomba asamehewe, na waandaaji walimsamehe kwa moyo mwema. Jambo la nauli ndilo lililotushinda. Tuliambiwa nauli ingerudishwa baada ya kongamano, kwa kuonyesha risiti za mashine. Ukumbi ulikuwa upande wa Kinondoni. Kutoka Mbagala mtu hupanda daladala hadi Makumbusho, kisha bajaji. Ni konda gani wa Mbagala amewahi kumpa abiria risiti ya mashine? Tulilieleza hilo kwa simu mara mbili, na mara zote mbili tulijibiwa kwa upole kwamba utaratibu ni utaratibu. Basi fedha zilitoka kwa wanajumuiya, noti za elfu moja moja, na mama mmoja muuza vitumbua alitoa zaidi ya sisi sote.

Hapo tulifikiri kwamba yote yamekamilika: shati limepigwa pasi, miwani imepatikana, na kijana atakuwa mkalimani. Jioni ya kuamkia safari, mzee alikuja nyumbani kwa mapadre akiwa peke yake, akitembelea fimbo. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa. Ndipo akauliza, "Baba Paroko, nikiwaeleza habari za kapu, nitapaswa kuja kuungama?"

Inatupasa kueleza. Fundi mkuu wa ilungu alikuwa na kapu la dawa, intangala. Bila kapu hilo hakuna aliyethubutu kuwasha tanuru. Ilungu lilifanywa kama bibi arusi, likapambwa, na waliofanya kazi walijitenga na wake zao hadi chuma kitoke. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowazoea kwa jina la White Fathers, waliingia Karema mwaka 1885, na mambo haya hayakuwapita. Mmoja wao, Padre Wyckaert, aliandika katika jarida la Anthropos mwaka 1914 kuhusu wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo wa Tanganyika. Watafiti hata leo husoma makala yake, kwa kuwa aliona kwa macho kazi ambayo wao wameikuta majivu. Kwa hiyo tumo katika habari hii kwa pande mbili: tuliiandika, na mahali pengine tuliizima.

Babu wa mzee wetu alibatizwa uzeeni. Kwa simulizi ya familia, padre aliyemfundisha alimtaka aliteketeze kapu kwanza. Aliliteketeza, na ilungu lake halikuwashwa tena.

Tulimjibu mzee kama tulivyofundishwa: kueleza waliyoyafanya wazee si kuyafanya, na hakuna dhambi katika kumbukumbu. Aliinamisha kichwa kwa muda. Kisha akasema, "Babu hakuambiwa hivyo."

Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna lililo zuri. Tulimwambia tu kwamba asiposema habari za kapu, wataalamu wale wangeondoka wakijua udongo na mkaa peke yake, na babu yake angekuwa ameteketeza kitu ambacho hakuna ajuaye kilikuwa nini. Aliaga bila kusema kama amekubali.

Asubuhi tuliondoka saa kumi na moja na nusu ili apate kiti. Barabara ya Kilwa ilikuwa imeanza kujaa, na konda, alipomwona mzee na fimbo yake, alimwinua kijana mmoja siti ya mbele. Hakutoa risiti. Dereva wa bajaji tuliyempata Makumbusho alitusikiliza, akacheka, akaandika kwa kalamu yetu nyuma ya bahasha: "Nimepokea 3,000." Akatia sahihi yenye madoido mengi.

Ukumbini walikuwapo watu wa nchi nyingi. Tulisikia mengi tusiyoyaelewa, na machache tuliyoyaelewa vizuri. Walizungumza juu ya Limbo, kusini mwa jiji letu hili, ambako Profesa Felix Chami alifukua mabaki ya wafua chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo. Tumepita njia ya huko mara nyingi tukienda kwenye vigango, bila kujua. Walizungumza pia juu ya Buhaya, ambako mwaka 1976 wazee waliokuwa wameiacha kazi kwa miaka mingi walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Matokeo yalitangazwa katika jarida la Science mwaka 1978 na Peter Schmidt na Donald Avery, waliodai kwamba mafundi wale walijua kuupasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Wengine walilipinga dai hilo, na ubishi huo tuliushuhudia ukiendelea wakati wa chai. Mzee wetu alituuliza wale wazee wa Kihaya waliitwa nani. Kijana akamwambia kwamba kwenye mstari wa waandishi wa makala ile yapo majina mawili tu.

Alipewa dakika kumi na tano, ukalimani ukiwa ndani yake. Kiti kilikuwa kirefu kisicho na egemeo, kwa hiyo alisimama. Alieleza udongo, jinsi unavyopondwa na kujaribiwa kwa ulimi. Alieleza mirija. Mwenyekiti wa kikao alipoinua karatasi ya kuonyesha dakika mbili zimebaki, mzee alidhani anasalimiwa, akainua mkono naye. Halafu akageuka upande tulipoketi, akatutazama, akaanza kulisema kapu. Alitaja kilichokuwamo, kimoja baada ya kingine, kwa Kifipa, na kijana ikambidi amwombe apunguze mwendo. Hakuna aliyeinua karatasi tena. Kitu kimoja alikiruka. Alipoulizwa na mama mmoja mtafiti, alisema hicho ni cha babu.

Bahasha ya dereva wa bajaji haikukubaliwa. Hatulaumu sana, hata sisi tungesita kuipokea kwenye hesabu za parokia.

Kwa barua ya juma hili tumejibu mapema. Tumeomba nauli itangulie, kiti kiwe na egemeo, na mzee apewe dakika arobaini na Kifipa chake. Kwenye nafasi ya taasisi, mzee amekataa tusiandike parokia. Ametaka liandikwe jina la babu yake, nasi tumeliandika. Majibu hayajafika, na goti lake la kushoto limevimba tangu Jumanne.