Kona ya Mwisho

Mimi ni mkufunzi wa glaida, zile ndege zisizo na injini, katika milima ya Rhön nchini Ujerumani, yalikoanzia mashindano ya glaida ya mlima Wasserkuppe mwaka 1920. Kosa la mwanafunzi ninaloliogopa kuliko yote ni kona ya mwisho kabla ya kutua kupindwa chini mno. Naliogopa kwa sababu niliwahi kulifanya.

Alasiri hiyo nilikuwa peke yangu kwenye ASK 21. Nilikawia kusaka hewa inayopanda, huku upepo ukinisukuma mbali na kiwanja. Ndege hiyo husonga takriban mita 34 kwa kila mita inayoshuka, lakini hesabu hiyo ni ya hewa tulivu. Mimi nilirudi nikipambana na upepo wa mbele na hewa inayozama. Kwetu mzunguko wa kutua huanza mita 200 juu ya kiwanja. Nilifika pale nikiwa na mita 120.

Hapo bado nilikuwa salama. Ningepinda papo hapo, ningetua katikati ya kiwanja. Badala yake nikaendelea hadi kwenye ghala la paa jekundu, kwa kuwa tangu siku ya kwanza nilizoea kupindia juu yake. Macho yalikuwa yanatafuta ghala, kiwanja hayakukipima kabisa.

Nilipopinda, miti ilikuwa karibu mno. Mkono ukaogopa kulaza bawa, mguu ukajitwika kazi ya mkono: nikakanyaga pedali ya kushoto ili pua igeuke haraka. Pua ikainama, nikavuta fimbo. Uzi wa sufu uliobandikwa kwenye kioo ukalalia upande wa ndani wa kona. Uzi huo hausemi uongo: ndege ilikuwa inakwenda kiubavu, na bawa la ndani lilikuwa karibu kuacha kubeba. Likiacha, ndege hujisokota kuelekea chini, na kwa kimo kile rubani hana nafasi ya kuiokoa.

Nikaachia pedali, nikasukuma fimbo mbele huku ardhi ikinijia, kitendo ambacho mwili mzima hukikataa. Nikanyoosha mabawa, nikatua kwenye shamba la nyasi zilizokatwa, nje ya kiwanja. Ndege haikupata hata mkwaruzo. Mwalimu wangu alikuja kwa miguu, akaniuliza jambo moja tu: "Ghalani ulifuata nini?" Sikuwa na jibu.

Leo nikiwa kiti cha nyuma huifunika altimeta ya mwanafunzi inayomwonyesha kimo, nikamtaka akitazame kiwanja aniambie kama pembe anayokionea ni ileile au inazidi kulala. Wengi hukasirika mwanzoni. Nawaacha wakasirike.

Nawe unayejifunza, ukijiona uko chini, pinda mapema, breki za mabawa zikiwa zimefungwa na mwendo ukiwa kamili, utue palipo wazi, hata kama ni shambani kwa mtu.