Hakimu na Haki

Ndugu walimu wenzangu, kila ninapofundisha maneno yenye asili ya Kiarabu, wanafunzi wangu hapa Uganda hunieleza bila kusita kwamba hakimu ametokana na haki. Huwasahihisha. Hakimu ni wa shina moja na hukumu, mahakama na hekima. Haki ina shina lake peke yake. Jambo hilo nililisoma kitabuni, lakini uzito wake nilifundishwa na mjomba wangu.

Mama alizaliwa mkoani Kagera, Tanzania, ambako kaka yake alikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi. Huko mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili. Mjomba aliketi pamoja na wazee washauri wawili, na uamuzi ulifuata wingi wa kura zao. Hivyo wazee waliweza kumshinda hakimu, naye akapaswa kuisoma hukumu asiyoiafiki. Aliamua kesi za madeni, za mifugo iliyokula mazao ya jirani, na za mirathi. Katika mirathi alifuata sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963: mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo, bali si kuliuza.

Mwaka 1988, huko Muleba, mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mtu wa ukoo wake alimshtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo hayo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi.

Kesi ile haikuwa ya mjomba. Hata hivyo, habari zilipomfikia, alinyamaza siku nzima. Jioni akaniambia, "Mpwa wangu, nami niliwahi kumwamulia mama mmoja hivyo hivyo. Wazee waliafiki, nami niliafiki. Hakukata rufani."

"Lakini mjomba, uliifuata sheria."

"Niliifuata. Hukumu yangu haikuwa na kasoro. Haki ndiyo sikuitafuta."

Alipostaafu, kila alipokwenda sokoni alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya kibanja alichokuwa akiishi mama yule. Sikumwuliza sababu, niliijua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwanafunzi anapokosea shina la neno hilo, simcheki. Anasema jambo ambalo watu wote wangependa liwe kweli. Humwonyesha kwamba katika ukoo wa hakimu haki haimo, ila hekima imo. Na kazi ya hekima ni kuitafuta haki huko nje iliko, kabla hukumu haijasomwa.